Kabaila mwoga alifuata nini kwenye manowari? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini kiini ni kimoja. Mtu amesoma hadithi ya manowari za matanga, za karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19, akakutana na kijana wa ukoo mkubwa: baba ni lodi, kwao wana mashamba na watumishi, lakini moyo wake ni wa kunguru. Mzinga ukilia, miguu inamlegea. Hata hivyo ana cheo, na mamia ya watu wanangoja amri yake. Huyu angeweza kukaa kwao akala akashiba. Bahari ilimwita kwa lipi?

Nimejibu kwa kutegemea zaidi Uingereza na Ufaransa, ambako kumbukumbu za mahakama za kijeshi zimeacha maneno ya wahusika wenyewe.

Kama ni mwoga, kwa nini alichagua bahari?

Kwa kawaida hakuchagua. Hili ndilo jibu langu kuu, na mengine yote hapa chini yanalizunguka.

Katika manowari za Uingereza za karne ya 18, mtoto aliyekusudiwa kuwa afisa aliingia melini akiwa na miaka 11, 12 au 13. Mara nyingi aliandikwa kama mtumishi wa kapteni, ingawa kazi yake hasa ilikuwa kujifunza: alikuwa mwanagenzi wa uofisa. John Byng, mtoto wa admirali (mkuu wa kundi la manowari) aliyekuja kuwa Lodi Torrington, aliingia mwaka 1718 akiwa na miaka 13. Mtoto wa umri huo hajui kama ni mwoga au shujaa. Anajua tu kwamba baba amesema. Miaka mingi baadaye ndipo mizinga inamwambia yeye ni nani, na wakati huo ameshakuwa kapteni, hana kazi nyingine anayoijua, na heshima ya ukoo mzima imo melini pamoja naye. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu alivuliwa nguo na wengine, akaambiwa aoge.

Lakini wazazi wana mali. Kwa nini wamtupe mtoto baharini?

Kwa sababu mali haikuwa yake. Kwa desturi ya makabaila wa Uingereza, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye aliyerithi cheo cha baba, ardhi na nyumba. Wadogo zake walibaki na jina zuri na posho. Biashara ya dukani ilihesabiwa kuwa aibu kwa watu wa daraja lile, kwa hiyo milango iliyobaki ilikuwa michache: kanisa, sheria, jeshi la nchi kavu au manowari.

Jeshi la nchi kavu lilihitaji fedha taslimu, maana vyeo vilinunuliwa. Bei rasmi ya cheo cha chini kabisa cha afisa wa askari wa miguu katika nusu ya pili ya karne ya 18 ilikuwa pauni 400, na kila ngazi ya juu ilikuwa na bei yake. Uofisa wa manowari haukuwa na bei. Mtoto wa nne au wa tano, ambaye baba yake ameshatumia fedha kwa kaka zake, angeweza kuingia kwa barua moja tu kwa kapteni anayefahamika.

Kama vyeo havikuuzwa, ukabaila ulimsaidia vipi?

Hapa pana mambo mengi, na ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasoma kwamba manowari zilikuwa na mtihani, wanadhani kila mtu alipanda kwa uwezo wake.

Mtihani ulikuwepo kweli. Ulianzishwa mwaka 1677 kwa juhudi za Samuel Pepys, katibu wa serikali wa mambo ya manowari, aliyechoshwa na vijana wa mabwana waliokuwa wakipewa uluteni bila kujua tanga wala nyota. Katika karne ya 18 mwanagenzi alitakiwa awe ametumika baharini miaka 6, kisha akae mbele ya makapteni wamuulize: upepo umegeuka ghafla, mwamba uko upande wa pili, ufanye nini? Asiyejua alirudishwa.

Lakini angalia hiyo miaka 6. Ilihesabiwa kwa daftari la meli, na daftari liliandikwa kwa mkono wa watu wa kapteni. Thomas Cochrane, mrithi wa lodi wa Scotland, aliandikwa na mjomba wake kwenye madaftari ya manowari kadhaa akiwa bado mtoto mdogo yuko kwao. Alipopanda meli kwa mara ya kwanza mwaka 1793, akiwa na miaka 17, kwenye karatasi tayari alikuwa baharia wa miaka kadhaa. Cochrane alikuja kuwa miongoni mwa makapteni hodari kabisa wa zama zake, kwa hiyo simtaji kama mwoga. Namtaja kwa sababu mlango uliomwingiza shujaa ndio ule ule uliomwingiza mwoga, na hakuna aliyekaa mlangoni kuwatenganisha.

Hata Horatio Nelson, mtoto wa mchungaji aliyekuja kuwa admirali mashuhuri kuliko wote wa Uingereza, alibebwa. Alipofanya mtihani mwaka 1777 alikuwa na miaka 18. Cheti chake kinasema amezidi 20. Mjomba wake alikuwa mkuu wa bodi iliyosimamia mambo ya manowari. Naye Admirali George Rodney alimpandisha mwanawe John kuwa kapteni kamili mwaka 1780, kijana akiwa na miaka 15.

Ukishafika ukapteni kamili, kazi ya kupanda imekwisha. Kutoka hapo hadi uadmirali watu walipanda kwa zamu, kwa tarehe ya kuteuliwa, bila kujali nani alipigana na nani alilala. Aliyeteuliwa mapema na akaishi muda mrefu alikuwa admirali, hata kama alikaa nchi kavu miaka 20 akipokea nusu mshahara. Kwa mwoga mwenye jina, hiyo ilikuwa njia iliyonyooka: vumilia utoto, pata ukapteni upesi kwa mkono wa mjomba, kisha ngoja walio mbele yako wafe.

Maisha ya mwanagenzi yalikuwaje? Mtoto wa lodi aliyavumiliaje?

Kwa shida. Katika manowari kubwa, wanagenzi waliishi sitaha ya chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Hakuna dirisha. Mwanga ni wa mshumaa au taa, hewa inanuka maji machafu ya tumbo la meli na jibini iliyooza. Mtoto alilala kwenye kitanda cha bembea kando ya wenzake, na mali yake yote ilikuwa ndani ya sanduku moja.

Siku ya vita, masanduku hayo hayo yalisogezwa pamoja, yakafunikwa turubai, yakawa meza ya daktari. Hapo ndipo majeruhi walipokatwa miguu na mikono bila ganzi. Mtoto wa miaka 13 aliyetumwa chini kupeleka ujumbe angeweza kumkuta mtu akikatwa mguu juu ya sanduku lenye mashati aliyoshonewa na mama yake. Naomba msomaji akae kidogo na picha hiyo kabla ya kumwita mtoto yeyote mwoga.

Fedha ilikuwa sehemu ya sababu?

Sana. Meli ya adui ikitekwa, iliuzwa pamoja na shehena, na fedha ya ngawira ikagawanywa kwa mafungu 8. Hadi mwaka 1808 mafungu 3 yalikuwa ya kapteni, na moja kati ya hayo lilikwenda kwa admirali aliyemtuma. Mabaharia wote wa kawaida kwa pamoja walipata 2.

Mfano unaojulikana zaidi ni meli ya Hispania iitwayo Hermione, iliyotekwa Mei 1762 ikitoka Peru na hazina. Makapteni wawili walioikamata walipata takriban pauni 65,000 kila mmoja. Baharia wa kawaida alipata kama pauni 480, ambayo kwake ilikuwa mshahara wa miaka 30. Tazama pia lile fungu la admirali: alilipata hata kama siku ile alikuwa mbali, hakusikia mlio wowote. Kwa mtu anayependa mali na asiyependa hatari, cheo hicho kilikuwa na mvuto wake.

Utaratibu wa kulipa kwa kilichokamatwa uliendelea muda mrefu. Manowari za Uingereza zilizovinjari kati ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 kusaka majahazi ya watumwa nazo zililipwa zawadi kwa walichokamata.

Je, jeshi la nchi kavu halikuwa salama zaidi kwa mwoga?

Lilikuwa salama zaidi, na mwoga mwenye akili na fedha angekwenda huko. Cheo kilichonunuliwa kiliweza kuuzwa. Vita ikikaribia, afisa aliuza nafasi yake, akarudi kwao na fedha zake mkononi.

Hata adhabu zilitofautiana. Lodi George Sackville, mtoto wa Duku wa Dorset, aliongoza wapanda farasi wa Uingereza katika vita vya Minden, Ujerumani, mwaka 1759. Aliamriwa mara kadhaa ashambulie, akasitasita hadi nafasi ikapita. Mahakama ya kijeshi ilimfukuza jeshini na kutamka kwamba hafai kumtumikia mfalme katika kazi yoyote ya kijeshi. Miaka 15 baadaye alikuwa waziri anayesimamia vita dhidi ya makoloni ya Marekani. Miaka miwili tu kabla ya Minden, mtu wa manowari aliyeshtakiwa kosa la jamii hiyo hiyo alikuwa ameshazikwa. Nitamfikia.

Si kweli kwamba melini kuna pa kujificha?

Kwa afisa, hapana. Tuna methali isemayo mbio za sakafuni huishia ukingoni. Melini hilo ni jambo la kweli kabisa, la mbao na maji. Nchi kavu mwoga hukimbilia msituni. Melini hakuna msitu. Afisa alitakiwa asimame kwenye sitaha ya nyuma, mahali pa wazi, akitembea polepole huku na huko risasi zikipita, kwa sababu mabaharia walimtazama yeye. Nelson alipigwa risasi akitembea hivyo hivyo kwenye sitaha ya manowari yake Victory, katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805.

Katika meli nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kukimbia vita, naye ni kapteni. Akigeuza usukani, watu 500 wanakimbia pamoja naye, watake wasitake. Akisogea mbele, hata mwoga wa mwisho anapigana, maana hana pa kwenda. Ndiyo sababu sheria za kivita za wanamaji ziliwakalia makapteni kooni. Mwaka 1702, Admirali Benbow alipokuwa akipigana na Wafaransa huko Karibi, makapteni wake kadhaa walibaki nyuma wakitazama. Wawili, Kirkby na Wade, walihukumiwa na kupigwa risasi melini huko Plymouth mwaka uliofuata. Baada ya vita vya Toulon, pwani ya Ufaransa, mwaka 1744 makapteni wengi walishtakiwa, na mmoja wao, Richard Norris, mtoto wa admirali mwenye sifa kubwa, alitoroka asihukumiwe.

Methali yetu nyingine husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nchi kavu inaweza kuwa kweli. Kwenye manowari, mwoga akiwa kapteni kilio hakiendi kwake. Kinakwenda kwa wake za mabaharia wa meli jirani, iliyoachwa ipigwe peke yake.

John Byng alikuwa mwoga au hakuwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halijabadilika: hakuwa mwoga wa risasi.

Mwaka 1756 alitumwa kuokoa ngome ya Waingereza kisiwani Minorca, iliyozingirwa na Wafaransa. Alipewa meli 10, nyingi zikiwa na upungufu wa watu, akaongezewa nyingine njiani. Tarehe 20 Mei alikutana na Wafaransa. Meli zake za mbele zilifika kwa adui kwanza zikapigwa vibaya, yeye na meli za nyuma wakachelewa kwa sababu hakutaka kuvunja mstari wa vita, yaani ile safu ya meli zinazofuatana. Kapteni wa meli yake alimshauri aende moja kwa moja. Byng alikumbusha kisa cha Admirali Mathews, aliyevunja mstari pale Toulon mwaka 1744 na kufukuzwa kazi kwa hilo. Byng alikumbuka vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa majaji waliomhukumu Mathews.

Kwangu mimi kisa chote kimo humo. Alichoogopa Byng siku ile ni mahakama. Alikuwa ameishi tangu utotoni ndani ya utumishi ambao baba yake aliwahi kuusimamia, akapata ukapteni kabla hajatimiza miaka 23, akatumika zaidi mahali ambapo mapigano yalikuwa machache. Alijua kanuni kuliko alivyojua vita. Siku nne baadaye aliitisha baraza la maafisa, wakakubaliana kurudi Gibraltar, na mwishoni mwa Juni ngome ikasalimu amri.

London ilifura hasira. Serikali iliyompeleka na meli chache ilihitaji mtu wa kubeba lawama. Mahakama ya kijeshi huko Portsmouth ilimwondolea waziwazi kosa la woga na la kukosa utii, ikamtia hatiani kwa kutofanya kila aliloweza. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwaka 1749 na kosa hilo sasa lilikuwa na adhabu moja tu, kifo. Majaji wenyewe waliomba asamehewe. Mfalme George II alikataa.

Tarehe 14 Machi 1757, adhuhuri, alitolewa kwenye sitaha ya manowari Monarch. Alitaka afe macho wazi. Aliombwa afunge kitambaa ili askari wasitetemeke wakimtazama usoni, akakubali. Alipiga magoti juu ya mto, akajifunga kitambaa machoni, akashika kitambaa cha pili mkononi. Alipokiachia, walifyatua. Waliomwita mwoga hawakupata cha kusema juu ya dakika zile.

Basi ni nani mfano wa kweli wa kabaila mwoga baharini?

Hugues Duroy de Chaumareys, mwananchi wa Ufaransa. Na kisa chake kilitokea kwenye pwani ya Afrika.

Chaumareys alikuwa wa ukoo wa makabaila, na aliingia manowari za mfalme kabla ya mapinduzi ya 1789, wakati ambapo vijana walioandaliwa kuwa maafisa walitakiwa kuthibitisha uzao wao bora. Mapinduzi yalipokuja alikimbilia ng'ambo. Mfalme aliporudishwa, waaminifu wake walirudi kudai tuzo, na serikali ikawapa vyeo. Mwaka 1816 Chaumareys, akiwa na miaka zaidi ya 50 na hajaongoza meli kwa zaidi ya miaka 20, alikabidhiwa manowari Méduse impeleke gavana mpya Senegal, na watu takriban 400 ndani yake.

Aliwadharau maafisa wake, akamsikiliza abiria mmoja aliyedai kuijua pwani ile. Tarehe 2 Julai 1816, mchana kweupe, bahari ikiwa shwari, Méduse ilipanda fungu la mchanga la Arguin, karibu na Mauritania. Mashua hazikutosha, kwa hiyo mabaharia waliunda chelezo kwa milingoti na mbao, urefu wa kama mita 20. Watu 147, wengi wao askari na mabaharia, walishushwa juu yake. Kilizama kwa uzito hadi waliosimama ukingoni walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Gavana na kapteni walipanda mashua. Kapteni aliondoka melini watu wengine 17 wakiwa bado wamo.

Ahadi ilikuwa kwamba mashua zingekivuta chelezo hadi ufukweni. Kulikuwa na kamba. Baada ya mwendo mfupi kamba ziliachwa, na waliokuwa kwenye chelezo waliona mashua zikienda, zikapungua, zikapotea. Walikuwa na gunia la biskuti, lililoisha siku ile ile, maji kidogo na mapipa ya mvinyo. Walipigana, walichanganyikiwa, walikula nyama za wenzao. Walipoonekana na meli Argus tarehe 17 Julai walikuwa wamebaki 15. Kati ya wale 17 walioachwa melini, 3 walikutwa hai wiki kadhaa baadaye.

Chaumareys alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Nilipolinganisha kwa mara ya kwanza miaka hiyo 3 na risasi za Byng, nilishindwa kuendelea kusoma jioni ile.

Makabaila wote walikuwa hivyo?

La. Lodi Robert Manners, mjukuu wa duku, alijeruhiwa vibaya akiongoza manowari Resolution katika vita vya Aprili 1782 huko Karibi, akakatwa mguu, akafa kwa pepopunda njiani kurudi kwao. Alikuwa na miaka 24.

Ninaandika riwaya. Nimpe mhusika wangu mwoga sababu gani ya kuwa melini?

Usimpe sababu moja kubwa. Mpe mjomba mwenye manowari, kaka mkubwa aliyerithi kila kitu, na mama aliyelia lakini hakupinga. Mwingize wakati wa amani, sare inapong'aa na safari ni za Mediterania. Vita imkute akiwa juu mno kuweza kujiuzulu bila kashfa. Muhimu zaidi, mfanye aogope aibu kuliko kifo. Mtu wa namna hiyo atasimama wima kwenye sitaha siku ya mapigano, kila mtu akimwona shujaa, kisha usiku, peke yake na ramani, atachagua njia itakayowaua wengine. Hapo ndipo woga wa mwenye cheo unapoonekana, mahali pasipo na moshi wala shahidi.

Na usiwasahau walio chini yake. Riwaya nyingi za manowari zinamfuata kijana wa lodi kila chumba, na mabaharia wanabaki kuwa kelele za nyuma. Wao ndio waliolipa.

Sheria iliyomuua Byng iliendelea hadi lini?

Ililegezwa mwaka 1779: majaji waliruhusiwa kutoa adhabu nyingine badala ya kifo. Uuzaji wa vyeo katika jeshi la nchi kavu ulikomeshwa mwaka 1871.

Kuna kumbukumbu za watu hawa zinazoweza kuonekana leo?

Chelezo cha Méduse kilichorwa na Théodore Géricault mwaka 1819. Picha iko Louvre, Paris, na ina ukubwa wa karibu mita 5 kwa 7. Watu waliomo wanamzidi mtazamaji kimo. Aliyenyanyuliwa juu kabisa, anayepunga kitambaa kwa meli iliyo mbali, ni mtu mweusi. Chaumareys hayumo.

Byng alizikwa kwenye kaburi la ukoo wake Southill, Bedfordshire. Ndugu zake waliandika juu yake kwamba kifo chake ni aibu ya kudumu kwa haki ya umma, wakati ushujaa na uaminifu havikutosha kulinda uhai na heshima ya afisa wa manowari. Mwaka 2007 wazao wa ukoo waliiomba serikali ya Uingereza imsamehe rasmi. Ilikataa.